Kurasa Kumi na Sita za Bi Sayari

Harufu ya wino mbichi ilimpokea mlangoni, na kwa kawaida harufu ile ilimfanya atabasamu hata kabla hajamwona mwenyewe aliyemfuata. Asubuhi hiyo alitabasamu pia. Majirani walikuwa wamembandika jina la Bi Sayari, kwa ajili ya hadithi zake za watu wanaoishi kwenye nyota na mashine zinazoota ndoto, naye jina hakulikataa. Leo alikuja kutazama toleo la miaka kumi ya jarida lake. Miaka kumi si mchezo. Watoto waliozaliwa mwaka lilipoanza sasa walikuwa wakilisoma.

"Shikamoo, mama," alimwamkia mama mzazi wa Fundi, mchapaji wa jarida. Mama alikuwa ameketi kando ya dirisha na miwani kwenye ncha ya pua.

"Marahaba."

Ilikuwa marahaba kavu, ungeweza kuwashia jiko.

Chumba kile cha kupigia chapa kilikuwa cha marehemu mume wa mama huyu. Alipoitwa na Mola wake, mwana alishika mashine, mama akashika funguo. Na mama mwenye funguo hakumtaka Bi Sayari. Aliwaambia wajomba, akauambia na moyo wake: mwanamke mwenye picha gazetini, mara kaitwa huku kupokea tuzo, mara kule kuhutubia, huyo ameshaolewa na sifa. Mwanangu atakuwa mke mwenza.

Mwanawe alisikia na akanyamaza. Alikuwa mtu wa maneno machache, mrefu, mwenye vidole vyenye wino usiotoka hata kwa sabuni ya mche. Miaka miwili iliyopita alimpigia simu mhariri asiyemjua, akamwambia kwa adabu, "Samahani dada, ukurasa wa arobaini mwezi umechomoza mara mbili usiku mmoja." Bi Sayari akamuuliza, kwani wewe huwa unasoma unachochapa? Akajibu, "Sasa nitakichapaje kama sijui kinasema nini?" Tangu siku hiyo mwanamke yule alikuwa na sababu mbili za kupenda harufu ya wino.

"Umefika," Fundi alisema, akijifuta mikono kwenye aproni. Alimtazama, akaangalia chini, akamtazama tena. Kuna kitu alikuwa anakificha, na furaha yake ilikuwa inamchungulia machoni kama mtoto nyuma ya pazia.

"Mbona unacheka peke yako?"

"Tazama kazi kwanza."

Nakala mia sita zilikuwa zimepangwa juu ya meza ndefu, zimekandamizwa kwa mbao na vyuma, zikingoja gundi ya mgongoni. Jarida lile lilitengenezwa kwa mafungu. Karatasi moja kubwa ilichapwa, ikakunjwa, ikatoa kurasa kumi na sita. Hilo ni fungu. Mafungu sita yakibebana, ni jarida. Ila safari hii yalipaswa kuwa matano. Juma lililopita mwandishi mmoja aliiondoa hadithi yake dakika za mwisho, maana ilikuwa imepata nafasi kwenye jarida kubwa ng'ambo. Bi Sayari alimpa baraka zote, akamwambia Fundi, "Fungu la tatu liache. Tutatoka wembamba, hatutakufa."

Alichukua nakala ya juu, akaipima kiganjani kama mama anayempima mtoto wa mwenzake. Nzito. Akafunua. Ukurasa wa thelathini na mbili, vizuri. Ukurasa wa thelathini na tatu.

Pale palikuwa na jina lake.

Alisimama akalisoma jina lake kama mtu anayesoma tangazo la msiba. Chini ya jina ilikuwa hadithi yake, ile ya mwanamke mjane anayelinda taa juu ya sayari isiyo na mchana. Alikuwa hajamwonyesha mtu mwingine yeyote duniani. Alimpa Fundi peke yake, ndani ya bahasha, kwa mkono.

"Umeona?" Fundi aliuliza taratibu. "Miaka kumi umewapamba wenzako. Nikasema safari hii na bwana harusi aonekane kwenye picha."

"Ni nini hiki?"

"Ni zawadi."

"Zawadi mtu hutoa kwenye mali yake. Wewe umeingia kwenye mali yangu, ukachukua, ukanipa mimi mwenyewe nikushukuru."

Tabasamu lilimtoka Fundi polepole, kama maji yanavyotoka kwenye ndoo iliyopasuka. "Hukuipenda?"

"Fundi, sheria ya jarida langu unaijua?"

"Naijua."

"Iseme."

"Hadithi ya mhariri haiingii kwenye jarida la mhariri." Aliisema kama mwanafunzi aliyesimamishwa mbele ya darasa. "Lakini sheria ni ya kwako mwenyewe. Aliyefunga si ndiye anayefungua?"

"Siku nikiifungua kwa ajili yangu, haikuwa sheria. Ilikuwa pambo."

Kutoka dirishani mama alikohoa, kikohozi cha mtu asiyeumwa kifua.

Bi Sayari aliiweka nakala mezani kwa uangalifu, maana hata hasira yake ilikuwa na heshima kwa karatasi. "Nilikuwa karani wa hospitali," alisema, "napanga mafaili ya wagonjwa. Mapumziko ya mchana, wenzangu wakienda kula, mimi naandika. Nilituma hadithi kumi na nne, Fundi. Kumi na nne zikarudi. Nikawa nanunua majarida yale nijue wanataka nini. Nafungua, nakuta nani? Mhariri. Nafunua tena, shemeji yake mhariri. Nafunua tena, mwanafunzi wake mhariri. Mwamba ngoma kavutia kwake mpaka ngozi imepasuka. Nikaapa, nikipata ngoma yangu mimi, nitavutia kwa wengine."

"Lakini hadithi hii ni nzuri kuliko zote zilizomo. Mimi nimezisoma zote. Nimeisoma hii mara nne."

"Huenda ni kweli."

"Sasa?"

"Sasa nani atajua? Wewe unanipenda. Macho yako yameshanunuliwa." Sauti ilimlegea kidogo hapo, na macho yao yakakutana, na kila mmoja akaona kwamba mwenzake anaumia. "Pale kwangu barua zikifika, nakata jina kwa mkasi, natia kwenye kopo la biskuti, hadithi naipa namba. Naisoma namba kumi na saba sijui kama ni ya profesa au ya muuza mkaa. Yangu nikiitia namba, nitaijua kwa harufu. Haina namba ya kuificha. Kwa hiyo haiingii. Naomba ulitoe hilo fungu."

"Nakala zote?"

"Zote mia sita."

Hapo mama aliinuka. Alikuwa mfupi, lakini akiinuka chumba kilijua.

"Bibi wee, ngoja kidogo," alisema. "Mwanangu amesimama kwenye mashine hiyo siku tatu. Mgongo umemuuma mpaka nikamkanda kwa maji ya moto kama alivyokuwa mdogo. Kwa ajili yako. Leo unasema toa, kama mtu anayetoa nywele kwenye mboga."

"Namwona alivyochoka, mama. Na mimi najua amefanya kwa upendo."

"Upendo unatupwa?"

"Upendo hautupwi. Karatasi ndiyo inayotolewa."

"Usinitungie hadithi mimi. Maneno unayo, tena umesomea." Mama aliweka mikono kiunoni. "Nilisema tangu mwanzo. Mtu wa kuandika majini na vyombo vya angani, atajua nini kuhusu nyumba? Haya, nakwambia mbele ya mwanangu asije akasema sikusema. Ukiyatoa makaratasi hayo, jarida lako utalichukua na kwaheri. Lakini habari ya wewe kuja nyumbani kwangu kama mkwe, funga. Kazi ya mkono wa mwanangu haidharauliwi mara mbili."

"Mama," Fundi alisema.

"Nyamaza. Naongea na yeye."

Mashine kubwa ilisimama katikati yao, nyeusi, imefungwa mdomo.

Jambo lilikuwa limewekwa mezani, halina kificho. Bi Sayari alikuwa na miaka thelathini na minane. Watu walioanza naye kazi walikuwa na watoto warefu kuwashinda. Mama yake mzazi kila akimpigia simu humwuliza kwanza afya, kisha mvua, kisha hunyamaza, na ukimya ule ulikuwa ndio swali. Naye alimtaka mwanamume huyu. Alitaka kuamka aone viatu vyake vikubwa mlangoni. Kumbe ilikuwa rahisi hivyo, kuacha kurasa kumi na sita mahali zilipo. Nani angelalamika? Wasomaji wangefurahi. Hakuna askari anayekamata mhariri.

Alimwomba Mungu kimoyomoyo, ombi fupi la mtu aliyesimama, kisha akamgeukia mama.

"Mama, unasema kweli, kazi ya mkono haidharauliwi. Hii nayo ni kazi ya mkono wangu. Miaka kumi. Nakala za kwanza zilikuwa kumi na moja, nilizibana kwa pini za ofisini. Nikiivunja leo ili nipate mume, nitamletea mwanao mwanamke aliyevunjika. Simtakii hivyo." Akakunja mikono ya blauzi. "Kama ni kwaheri, nitaipokea. Lakini mafungu nitayatoa mwenyewe. Fundi asiumie mgongo."

Aliondoa chuma cha juu, akaondoa mbao, akavuta nakala ya kwanza. Akachomoa fungu la tatu. Akaliweka kando. Akavuta nakala ya pili.

Fundi alimtazama. Aliona vidole vile vyembamba vikilichomoa jina lenyewe la mwenye vidole, mara moja, mara mbili, mara tatu. Alikuwa amempenda kwa sauti yake, kwa mzaha wake, kwa namna anavyouma kalamu akifikiri. Hakuwa amewahi kumwona mzima kama alivyomwona sasa.

Akasogea, akasimama upande wa pili wa meza, akachukua nakala ya nne.

"Nilisema usiumie mgongo," Bi Sayari alisema bila kumtazama.

"Mgongo ni wangu, na kosa ni langu." Akachomoa fungu. "Nilikupenda kijinga. Nilidhani kukupenda ni kukupa kile ninachofikiri unakosa. Sikukuuliza."

"Hukuniuliza."

"Ila hadithi ile, jamani. Itakaa kwenye bahasha mpaka lini?"

"Haikai. Inaondoka kesho. Itakwenda kwa mhariri nisiyemjua, ikataliwe, irudi, iende kwa mwingine. Zile hadithi zangu tatu zilizotafsiriwa unafikiri zilibebwa mgongoni? Zilitembea. Na hii ina miguu." Alinyanyua kidevu aliposema hivyo, na Fundi akamwona jinsi alivyo mzuri akiwa na hakika.

"Namba za kurasa zitaruka," alisema. "Thelathini na mbili, halafu arobaini na tisa. Watadhani tumekula."

"Waache wadhani."

"Tutasema ni panya msomi."

Bi Sayari alitaka asicheke, akashindwa.

Mama alibaki amesimama, mikono bado kiunoni lakini haina tena kazi. Alikuwa amejiandaa kwa kilio, au matusi, au kuombwa radhi. Hakuwa amejiandaa kwa watu wawili wanaofanya kazi. Akatembea hadi mezani, akafungua nakala moja, akapekua kwa kidole alicholowesha ulimini.

"Na hapa mbele?" alisema. "Kwenye orodha ya yaliyomo. Jina lako lipo, na ukurasa upo. Mnauza mlango usio na nyumba?"

Wawili wale walitazamana. Walikuwa wamelisahau.

"Tutalipiga mstari kwa mkono," Bi Sayari alisema.

"Kwa mkono wa nani? Wa huyu unatetemeka, na wewe una kisirani, mtanichafulia karatasi. Jina la marehemu mume wangu liko nyuma ya jalada kwa herufi ndogo, hamlioni? Kazi mbaya haitoki kwenye mlango huu." Akavuta kiti chake, akakiburuta kutoka dirishani hadi kwenye meza. "Lete rula. Na kalamu ile ya wino mweusi, si hiyo inayovuja."

"Mama, huna haja."

"Sifanyi kwa ajili yako."

Basi wakafanya kazi watatu. Wawili wanachomoa, mmoja anapiga mstari. Rula, kalamu, mstari mmoja ulionyooka, nakala pembeni, nyingine. Alikuwa amefanya kazi na mumewe miaka thelathini, na mkono ulikuwa haujasahau.

Kazi ya mkono ina tabia ya kulegeza ulimi. Zilipofika kama mia moja, mama akasema, kama anayeiambia karatasi, "Huyu wa juu yako ni nani?"

"Ni nesi, mama. Aliniletea hadithi imeandikwa nyuma ya karatasi za kupimia joto la wagonjwa. Wakati huo sikujua ni nesi, ilikuwa namba tisa tu. Sasa ana kitabu. Kinasomwa shuleni."

"Mh." Mstari. "Na huyu wa chini?"

"Dereva wa lori. Anaandika akiwa foleni ya mizani."

"Dereva anaandika habari za angani?"

"Anaandika habari ya barabara inayokula magari. Inatisha."

"Hiyo wala haihitaji kubuniwa, barabara hiyo naijua," mama alisema, na Fundi akainamisha uso asionekane anacheka.

Mstari. Mstari. Jua lilihama kutoka kwenye mashine likaja mezani. Fundi akaleta maji ya kunywa, akampa mama kwanza, kisha Bi Sayari, na vidole vyao vikagusana kwenye bilauri kwa muda mrefu kuliko bilauri ilivyohitaji. Mama aliona. Hakukosa kuona.

"Watu wote hawa uliwatoa wapi?" aliuliza.

"Sikuwatoa mahali. Walikuwapo. Hawakuwa na wa kuwafungulia mlango."

"Na wewe umesimama mlangoni miaka kumi, kila mtu anapita, hujawahi kuingia."

"Mimi napita milango mingine, mama. Huu ni wa kufungua tu."

"Na hao majini wako?" Sauti ilikuwa imeshuka, haikuwa tena ya ugomvi. "Huogopi Mungu?"

"Namwogopa. Nyota zote zile kaziumba yeye, mama. Mimi nauliza tu, je, kama kuna aliyewekwa huko, naye anamkumbuka mumewe?"

Mama alipiga mstari uliokwenda polepole sana. Mjane naye ana mambo yake ambayo hayaulizi mbele za watu. Akachukua fungu moja kati ya yale yaliyochomolewa, akalikunja, akalitia kwenye mkoba wake.

"La kufungia viatu," alisema, kabla hajaulizwa.

Alasiri ilipoingia, nakala ya mwisho ilikuja mikononi mwake. Aliitazama ile orodha muda mrefu. Akaweka rula. Akapiga mstari. Kisha akavua miwani, akajisugua vidole vilivyokakamaa.

"Nitawaambia kitu, na sitarudia," alisema. "Jina la kwanza nililifuta kama mtu anayeua mbu. Nilifurahi. Kufika mia nikachoka kufurahi. Kufika mia tatu nikawa nalisoma moyoni kila nikiliona, na nikajiuliza, mtu anayetaka sifa angeweza kukaa hapa kutwa, anatazama jina lake linafutwa, na mimi ndiye nafuta, asinikunjie hata uso? Mimi nisingeweza. Mume wangu, Mungu amrehemu, asingeweza. Nilisema umeolewa na sifa. Nilisema uongo, na niliwaambia wajomba. Nitakwenda kuwaambia tena." Akamgeukia mwanawe. "Zile kadi nyeupe za harusi, zimebaki ngapi kabatini?"

"Mama."

"Nimekuuliza kadi."

Bi Sayari alikuwa amesimama na wino hadi kwenye viwiko. "Mama, naomba radhi," alisema. "Mimi sijaulizwa bado."

"Hajakuuliza?" Mama alimtazama mwanawe kama mtu anayetazama mashine nzima iliyokwama kwa kijikaratasi. "Miaka miwili. Mnachapa nini humu ndani?"

Fundi alijifuta mikono kwenye aproni, akaivua aproni, akaiweka, akaichukua tena. "Mimi," alianza, "tangu siku ile niliyokupigia simu, kwa unyenyekevu mkubwa, na mbele ya mama yangu mpenzi, kwa kuzingatia kwamba mtu hukosea na hujifunza, na kwa kuwa moyo wangu kwa muda mrefu umekuwa—"

"Fundi," Bi Sayari alisema kwa upole.

"Naam."

"Utangulizi mrefu. Kata."

Alivuta pumzi. Akakata vyote.

"Nikuoe?"

Alimtazama mwanamume huyu na vidole vyake vyeusi na macho yake yasiyojua kuficha kitu. Alisimama pale na jarida lake la miaka kumi, jembamba, namba za kurasa zikiruka, jina lake limepigwa mstari mara mia sita, na hakuwahi kujiona mrefu namna ile.

"Nioe," alisema. "Kazi yangu uiache ulipoikuta."

"Naiacha."

"Na ukitaka kunipa zawadi?"

"Nitauliza kwanza."

"Basi usiulize kama unaweza kunishika mkono. Hiyo umepewa."

Alimshika, wino kwa wino. Mama aliwageuzia mgongo kwa adabu, akatoa kadi moja nyeupe kabatini, akaketi, akavaa miwani. Akaandika jina la mwanawe. Kando yake akaandika jina la mkwewe, lote, la kwanza hadi la mwisho, bila kutazama popote, na hakukosea hata herufi moja.